Heinrich Nordhoff: Mhandisi aliyelivua gari dogo aibu ya dharau

MDHARAU mwiba mguu huota tende. Methali hii iliwapata watengenezaji wengi wa magari wa Ulaya na Marekani waliolitazama gari moja dogo la Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakalicheka, kisha wakaenda zao.

Miaka michache baadaye, mnamo 1953, mashindano ya magari ya Coronation Safari yaliandaliwa kwa mara ya kwanza katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yaligawanywa katika makundi kulingana na bei zake. Barabara zilikuwa za udongo, na mvua ilikuwa imezigeuza tope.

Gari lililomaliza likiwa na adhabu chache zaidi lilikuwa Volkswagen Beetle, lililoendeshwa na Alan Dix akiwa na Johnny Larsen. Gari hilo lilikuwa dogo, lenye injini ndogo na umbo la mbawakawa, na lilikuwa limekwisha kutangazwa na wataalamu kuwa halifai.

Nyuma ya ushindi huo alikuwapo mtu ambaye mwenyewe aliwahi kulidharau gari hilo. Jina lake lilikuwa Heinrich Nordhoff, na wengi walimwita Heinz.

Nordhoff alizaliwa Januari 6, 1899 katika mji wa Hildesheim, kaskazini mwa Ujerumani, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za benki, na Heinrich angali mdogo familia ilihamia jijini Berlin.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa kijana, akaingia jeshini na kujeruhiwa. Alipopona alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg, Berlin. Mnamo 1927 aliajiriwa na kampuni ya BMW, akawa anashughulikia injini za ndege.

Miaka miwili baadaye alijiunga na kampuni ya Opel, wakati ule ule ambapo General Motors ya Marekani ilikuwa ikiinunua. Huko ndiko alikojifunza siri ya Wamarekani. Kwao gari halikuwa chuma na mafuta pekee. Lilikuwa pia huduma, vipuri, muuzaji mwaminifu na fundi anayejua kazi yake. Alizuru Marekani kutazama kwa macho yake jinsi viwanda vya huko vilivyofanya kazi.

Wakati Nordhoff akipanda ngazi katika Opel, serikali ya Adolf Hitler ilikuwa na mpango wake. Ilitaka gari la bei nafuu kwa kila familia ya Kijerumani, na ikampa mhandisi Ferdinand Porsche kazi ya kulibuni. Bei iliyotangazwa ilikuwa maki 990, kiasi ambacho hakuna kampuni ya kibinafsi iliyoamini kuwa kingelipia gharama.

Kwa watu wa Opel, mradi huo ulikuwa mashindano yasiyo ya haki, kwani serikali ilikuwa ikitumia nguvu zake kuingia katika soko lao. Nordhoff alikuwa miongoni mwa waliolitazama gari hilo kwa jicho la husuda na dharau.

Wananchi nao walihimizwa kuweka akiba ya maki tano kila juma kwa kununua stempu na kuzibandika kwenye kitabu. Haba na haba hujaza kibaba, na Wajerumani wapatao 336,000 waliamini hivyo. Kibaba chao hakikujaa. Vita vilizuka mnamo 1939, na hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa gari kwa mpango huo.

Kiwanda kikubwa kilichojengwa kuanzia 1938 kwa ajili ya gari hilo kiligeuzwa kuwa cha kijeshi. Maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso, walitumikishwa humo. Doa hilo lilibaki katika jina la gari hilo kwa miaka mingi, na si ajabu kwamba wengi hawakutaka hata kulisikia.

Nordhoff mwenyewe hakutoka vitani akiwa safi kama theluji. Tangu 1942 alisimamia kiwanda cha malori cha Opel mjini Brandenburg, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake barani Ulaya. Malori yake yalilihudumia jeshi la Ujerumani, na huko pia watu walitumikishwa kwa nguvu. Serikali ilimpa cheo cha heshima kilichotolewa kwa viongozi wa viwanda vya vita.

Cheo hicho ndicho kilichomponza. Vita vilipomalizika mnamo 1945, Wamarekani walikataa kumruhusu ashike tena wadhifa wa usimamizi katika eneo walilolitawala, hata katika Opel. Mtu aliyekuwa amezoea kuamuru maelfu ya wafanyakazi alijikuta mjini Hamburg, katika eneo la Waingereza, akisimamia karakana ya muuzaji mmoja wa magari ya Opel.

Mbali na Hamburg, katika mji uliokuwa umepewa jina jipya la Wolfsburg, kile kiwanda cha Volkswagen kilikuwa kimesimama katikati ya vifusi. Mabomu yalikuwa yameezua mapaa yake, lakini sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imenusurika.

Waingereza walimtuma huko Meja Ivan Hirst, mhandisi kijana wa jeshi lao. Hirst alipata gari moja, akalipaka rangi ya kijani na kulipeleka kwa wakubwa wake. Jeshi la Uingereza lilikuwa na uhaba mkubwa wa magari, likaagiza 20,000. Agizo hilo ndilo lililookoa kiwanda kisibomolewe na mitambo yake kugawanywa kama fidia ya vita.

Hata hivyo, kupewa uhai si sawa na kupewa heshima. Wahandisi wa Uingereza waliolichunguza gari hilo katika miaka ya 1940 waliamua kuwa halikutimiza mahitaji ya kimsingi ya gari la kisasa, na kwamba mnunuzi wa kawaida asingevutiwa nalo. Walilalamikia umbo lake na kelele zake. Mnamo 1948 kampuni ya Ford ya Marekani ilifanya mazungumzo kuhusu kiwanda hicho, lakini hayakuzaa matunda. Ikawa hakuna mkubwa aliyekitaka.

Hirst alikuwa anatafuta Mjerumani wa kusaidia kuendesha kiwanda. Mwishoni mwa 1947 aliletewa jina la Nordhoff. Baada ya kumhoji, Hirst aliona kwamba mtu huyo alikuwa mkubwa mno kwa kazi ya unaibu, akamweleza Kanali Charles Radclyffe kwamba afadhali apewe kiwanda chote. Mwanzoni mwa Januari 1948, akikaribia kutimiza umri wa miaka 49, Nordhoff akawa mkurugenzi mkuu.

Alichokikuta kilikuwa cha kutisha. Mvua ilipenya paani. Chakula, makaa ya mawe na chuma vilikuwa adimu, na mwaka uliotangulia kiwanda kiliwahi kusimamisha kazi kwa kukosa makaa. Mnamo 1947 kilikuwa kimeunda magari yapatayo 9,000 tu. Nordhoff aliweka kitanda cha safari humo humo kiwandani, na katika miezi ya mwanzo alilala hapo.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kulichunguza gari lenyewe bila chuki ya zamani. Alikuta makosa mengi. Breki zilivutwa kwa nyaya, hazikutumia mafuta. Gia zililia kila zilipobadilishwa. Injini ilinguruma nyuma ya kisogo cha abiria na haikudumu kama ilivyopasa. Rangi ilikuwa hafifu, taa zilikuwa dhaifu, buti lilikuwa dogo, na upepo wa ubavuni ulilisukuma gari huku na huku barabarani.

Lakini chini ya makosa hayo alikuta kitu ambacho waliolicheka hawakukiona. Injini yake ya mitungi minne ilipozwa kwa hewa. Haikuwa na rejeta, kwa hivyo hapakuwa na maji ya kuchemka wakati wa joto wala kuganda wakati wa baridi. Injini hiyo ya cc 1,131 ilitoa nguvu za farasi 25 tu, lakini iliweza kukimbizwa siku nzima bila kuteseka.

Kwa kuwa injini ilikaa nyuma, uzito wake uliyakandamiza magurudumu yaliyosukuma gari, nayo yakashika vyema kwenye tope na theluji. Sakafu yake ilikuwa ya chuma bapa, isiyonaswa kirahisi na mawe. Badala ya springi za kawaida, lilitumia vyuma vinavyojipinda, ambavyo vilihimili mashimo. Mwili wake ulikuwa mwepesi, na fundi mwenye spana za kawaida aliweza kuishusha injini yote kwa muda mfupi.

Kwa maneno mengine, sifa mbaya ya gari hilo ilitokana na mambo yaliyoweza kurekebishwa, na ubora wake ulikuwa katika mambo ambayo hayakuhitaji kuguswa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza maisha ya Nordhoff tangu siku hiyo.

Alishauriwa na wengi abuni gari jipya lenye umbo la kuvutia. Alikataa. Aliamua kuliacha umbo jinsi lilivyokuwa na kulibadilisha gari kutoka ndani, skrubu moja baada ya nyingine. Mnunuzi hangeona gari lake limepitwa na mtindo kila mwaka, na kiwanda hakingetupa mitambo yake kila msimu.

Mageuzi ya sarafu ya Juni 1948 yalifufua uchumi wa Ujerumani Magharibi, na magari yakaanza kupata wanunuzi wenye fedha za maana. Mwaka huo kiwanda kiliunda magari zaidi ya 19,000. Mwaka uliofuata yalizidi 46,000.

Mnamo 1949 lilitokea gari la kuuzwa nje, lenye rangi bora na viti vizuri zaidi. Mnamo 1950 magari ya aina hiyo yalipata breki za mafuta. Mnamo 1952 gia zake zikawa laini. Mnamo 1953 dirisha la nyuma, ambalo lilikuwa vipande viwili, lilifanywa kipande kimoja, na mwishoni mwa mwaka huo injini ikaongezwa hadi cc 1,192 na nguvu za farasi 30. Mtu aliyesimama kando ya barabara hakuona tofauti kubwa. Aliyeshika usukani aliiona.

Mnamo 1950 Nordhoff alianza pia kuunda gari la mizigo na abiria kwa kutumia mitambo ya aina ile ile. Hilo ndilo lililokuja kujulikana Afrika Mashariki kwa jina la Kombi.

Somo alilolipata Opel hakulisahau. Alisisitiza kwamba gari lisipelekwe katika nchi yoyote kabla ya vipuri na mafundi waliofunzwa kuwepo huko. Watengenezaji wengine wa Ulaya waliuza kwanza na kufikiria vipuri baadaye, nao wakajiharibia jina. Katika hili Nordhoff alionyesha kwamba sifa ya gari hujengwa karakanani sawa na kiwandani.

Kwa wafanyakazi wake alikuwa mkali lakini hakuwa bahili. Wengi walikuwa wakimbizi waliofurushwa makwao mashariki. Aliwakusanya mara kwa mara na kuwaeleza wazi hali ya kampuni. Mapato yalipoongezeka, mishahara ilipanda na wafanyakazi wakagawiwa sehemu ya faida.

Marekani ndiyo iliyokuwa mtihani mgumu zaidi. Mnamo 1949 mfanyabiashara Mholanzi Ben Pon alipeleka gari moja New York, akaambulia dhihaka. Nordhoff mwenyewe alikwenda huko mwaka huo huo, akarudi bila wanunuzi wa maana. Mwaka wote wa 1949 yaliuzwa magari mawili tu nchini humo.

Wamarekani walipenda magari marefu yenye kumetameta, nao walikumbuka vyema gari hilo lilizaliwa chini ya nani. Nordhoff hakubishana nao. Aliendelea kupeleka magari, vipuri na mafundi. Mnamo 1955 kampuni tanzu ilianzishwa nchini humo. Kuanzia 1959 wakala wa matangazo wa Doyle Dane Bernbach ulilinadi gari hilo kwa kukiri waziwazi udogo na umbo lake, na kuyafanya hayo kuwa sifa. Kufikia 1968 yaliuzwa huko zaidi ya magari 400,000 kwa mwaka.

Agosti 5, 1955, gari la milioni moja lilitoka kiwandani Wolfsburg likiwa limepakwa rangi ya dhahabu, mbele ya umati mkubwa. Mnamo 1958 Nordhoff na wenzake walitunukiwa nchini Marekani tuzo ya Elmer A. Sperry kwa kuliendeleza gari hilo, pamoja na Ferdinand Porsche ambaye alikuwa ameaga dunia mnamo 1951.

Katika Afrika Mashariki hakuna aliyehitaji tangazo. Mwaka mmoja baada ya ushindi wa Dix, yaani 1954, Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda Safari wakiwa na Volkswagen. Gus Hofmann na Arthur Burton wakashinda mnamo 1957. Mnamo 1962, wakati ambapo magari makubwa ya Mercedes-Benz yalikuwa yameshinda kwa miaka mitatu mfululizo, Tommy Fjastad na Bernard Schmider walilirudisha taji kwa gari hilo dogo.

Ushindi huo haukuwa wa bahati. Mambo yaliyohitajika katika barabara za Kenya na majirani zake ni yale yale Nordhoff aliyoyakuta chini ya makosa mnamo 1948: injini isiyotegemea maji, uzito juu ya magurudumu yanayosukuma, sakafu bapa na mwili mwepesi.

Hata hivyo, si kila deni la zamani lililipwa kwa hiari. Wale waliobandika stempu walianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kudai magari yao. Fedha zao zilikuwa katika benki ya Berlin na zilichukuliwa na Warusi. Kampuni ilishikilia kwamba haikupokea hata senti moja, na kwamba ahadi ilikuwa ya serikali iliyokwisha kuanguka.

Kesi hiyo iliburutwa mahakamani hadi 1961. Hatimaye pande mbili zilikubaliana kwamba aliyemaliza kulipa apunguziwe hadi maki 600 akinunua gari jipya, au apewe maki 100 taslimu. Kwa waliojinyima kwa miaka ili wapate gari la maki 990, huo ulikuwa mwisho mchungu. Ni sura ya maisha ya Nordhoff isiyosimuliwa sana, lakini haistahili kufichwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika miaka ya 1960 wakosoaji walianza kusema kwamba Nordhoff amelewa mafanikio. Magari ya wapinzani wake yalikuwa na nafasi zaidi na joto la kutosha wakati wa baridi, na baadhi yake yalisukumwa na magurudumu ya mbele. Kampuni yake iliunda gari kubwa kiasi kuanzia 1961, lakini tegemeo lilibaki lile lile la zamani.

Uchumi ulipozorota mnamo 1966 na 1967, lawama zilizidi. Waziri wa Fedha wa Ujerumani Magharibi, Franz Josef Strauss, alikuwa miongoni mwa waliomkosoa hadharani. Kurt Lotz aliteuliwa kuwa mrithi wake, na Nordhoff alitarajiwa kustaafu.

Moyo wake haukumpa nafasi hiyo. Aliugua mnamo 1967, akarejea kazini, kisha akazidiwa tena. Alifariki Wolfsburg mnamo Aprili 12, 1968, siku ya Ijumaa Kuu, akiwa na umri wa miaka 69. Maelfu ya wafanyakazi walipita mbele ya jeneza lake kutoa heshima za mwisho.

Historia imewapa wakosoaji wake haki kwa upande mmoja. Katika miaka ya 1970 kampuni iliingia hasara kubwa, na ilinusurika kwa kuunda magari ya aina tofauti kabisa, hasa Golf iliyotokea mnamo 1974. Pia ni kweli kwamba Beetle halikuwa gari lisilo na hatari. Jinsi ekseli yake ya nyuma ilivyoundwa, dereva aliyekata kona kwa kasi angeweza kupoteza udhibiti, na watetezi wa usalama wa barabarani nchini Marekani walilishambulia kwa sababu hiyo.

Kwa upande mwingine, takwimu hazina ubishi. Mnamo Februari 17, 1972 Beetle liliipita rekodi ya Ford Model T kwa kuunda gari la 15,007,034. La mwisho liliundwa Puebla, Mexico, mnamo Julai 30, 2003. Idadi yote ilikuwa zaidi ya milioni 21.

Waliosema halifai walikuwa wataalamu, na baadhi ya makosa waliyoyataja yalikuwepo. Walilolikosa ni kuuliza kama makosa hayo yangeweza kuondolewa. Nordhoff, aliyekuwa na sababu zake za kulichukia gari hilo, aliliuliza swali hilo, kisha akatumia miaka 20 iliyosalia ya maisha yake kulijibu.